Kuzima Kabla ya Kuwasha

Mhadhara kwa wafugaji, wakata miti, watunza bustani na mafundi wa injini ndogo, Mbagala

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuwasha na kuzima salama mashine ya petroli ya kukatakata matawi, pamoja na ile ambayo wengi wenu mnayo nyuma ya banda, mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Injini ni ileile, visu ni vya jamii moja, na ajali zake zinafanana. Nitaanza na kuzima, maana mashine iliyogoma kuwaka haijawahi kumkata mtu. Inayomkata ni ile aliyodhani imezimika, au ile aliyoogopa kuizima.

Kwa nini mashine hizi zimeongezeka huku pembeni mwa jiji, mnajua kuliko mimi. Toka Rangi Tatu uende Chamazi, Toangoma au Kongowe, au pita upande wa Kinondoni hadi Boko, Bunju na Mabwepande: ardhi hii jana ilikuwa mashamba ya mikorosho, miembe na minazi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na kila nyumba inayosimama huku kwetu inaangusha mti mmoja au miwili. Shina linakwenda kwenye mbao au mkaa. Matawi yanabaki, yanachomwa barabarani, moshi unaingia kwa jirani mwenye mtoto wa pumu, au yanatupwa bondeni na masika yakifika yanaziba kalavati. Yakikatwa vipande, matawi hayohayo yanatandazwa chini ya migomba, yanatandikiwa ng'ombe, yanachanganywa na samadi kuwa mboji. Kule Mabwepande Manispaa ya Kinondoni ina kiwanda cha mboji kilichojengwa kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani, kwa hiyo habari ya kugeuza taka za kijani kuwa udongo si ndoto ya mbali. Na kwa mfugaji, matete yanayokatwa mabondeni mwa Kizinga na Mzinga na kuletwa kwa guta hayaliwi vizuri yakiwa marefu. Ng'ombe anachagua majani, shina analikanyaga. Mashine inaokoa karibu shina lote.

Basi mashine ni kitu chema, na sikuja kumwogopesha mtu aiache.

Wiki chache zilizopita nilikuwa kwenye banda moja kule Toangoma. Kijana wa kazi alikuwa anakata matete yaliyolowa umande. Mashine ilijaa, mlio wa injini ukazama, majani yakagoma kutoka. Hakuizima. Alipunguza mafuta, akapiga goti, akaingiza mkono kwenye bomba la kutolea na kuanza kuchokonoa. Mkanda ulikuwa unateleza juu ya puli na kunuka mpira unaoungua. Maana yake ni kwamba visu vilikuwa vimesimama, lakini injini bado inavisukuma. Likitoka fungu moja tu la nyuzi za matete, visu vinaanza tena, bila kupiga hodi. Nilisogea nikabonyeza swichi mwenyewe. Alitoa mkono, akanitazama kwa huzuni zaidi ya hasira, akasema, "Mzee, umeizima? Hii ukiizima haiwaki tena mpaka fundi aje."

Nikavuta kamba. Kweli haikuwaka. Kamba yenyewe ilikuwa imekatika na kuungwa kwa fundo, plagi nyeusi ti, chujio la hewa limejaa vumbi la majani likawa kama tofali. Kijana yule hakuwa mzembe. Alikuwa amepiga hesabu: ng'ombe wanalia, bosi anapiga simu, na asubuhi amevuta kamba mpaka bega limeuma ndipo injini ikakubali. Akilinganisha hayo na sekunde chache za kuingiza mkono, aliona mkono ndio wenye gharama ndogo. Karibu kila ajali ya mashine hizi niliyopata kuisikia kwa undani ina hesabu ya namna hiyo ndani yake. Tukimwambia kijana "kuwa makini" na kuondoka, tumemwachia hesabu ileile. Mashine inayowaka kwa mvuto mmoja itazimwa mara ishirini kwa siku bila mtu kujiuliza. Anayetaka kulinda mkono wa kijana wake aanze na plagi, chujio na kamba.

Sasa tuiangalie injini. Mashine nyingi ndogo hapa mjini zinatumia injini ya silinda moja ya mtindo wa Honda GX, familia iliyoanza kuuzwa mwaka 1983, au nakala zake zinazotoka China. Ujazo wa kawaida ni sentimita za ujazo 163 au 196, na kasi yake ya juu ni mizunguko kama 3,600 kwa dakika. Ni injini hiyohiyo iliyo kwenye jenereta ndogo na pampu za maji, kwa hiyo fundi wa jenereta wa mtaani kwako anaijua nje ndani, na vipuri vinapatikana. Hakuna sababu ya kuendesha injini ya aina hii ikiwa mbovu.

Swichi yake ina tabia ambayo wengi hawaijui, na naomba hapa mnisikilize vizuri. Swichi ya taa ya nyumbani ikikatika waya, taa inazima. Kwenye injini hii ni kinyume. Ndani ya flaiwili kuna sumaku. Ikipita mbele ya koili inazalisha umeme wa plagi, bila betri, bila kuhitaji kitu kingine. Ukiweka swichi kwenye kuzima, unachofanya ni kuupeleka umeme wa koili kwenye bodi ya injini ili plagi ikose cheche. Sasa ule waya mwembamba unaotoka kwenye koili kwenda kwenye swichi ukikatika, ukilegea, ukiliwa na kutu ya hewa yetu ya chumvi, au fundi akisahau kuurudisha, injini itaendelea kunguruma huku swichi ikiwa imezimwa. Na mashine ya kukata matawi inatetemeka mchana kutwa. Waya huo ndio wa kwanza kuchoka.

Nimeona watu wakizizoea mashine za namna hiyo. Mmoja anazima kwa kufunga choki. Injini inameza petroli mbichi, inaosha oili kwenye kuta za silinda, na petroli inayobaki inaweza kulipuka ndani ya ekzosi. Mwingine anachomoa kofia ya plagi injini ikiwa inazunguka, na kupigwa na umeme wa maelfu ya volti. Umeme ule kwa kawaida hauui, lakini unaurusha mkono, na mkono unaorushwa karibu na mkanda unaozunguka hauchagui pa kwenda. Mwingine anafunga koki ya petroli na kusubiri. Hiyo ni njia halali ya kumaliza kazi ya siku, ila kabureta ina akiba yake, na injini itaendelea mpaka akiba hiyo iishe. Aliyenaswa shati hana muda huo.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla tawi la kwanza halijaguswa, washa mashine kwa ajili ya kuizima. Iache izunguke sekunde chache bila mzigo, bonyeza swichi. Ikizimika, kazi ianze. Isipozimika, funga koki, acha injini ife yenyewe, na siku hiyo mashine hiyo haina kazi mpaka waya upatikane. Ningependa kila mwenye mashine aliyepo hapa aifanye hiyo kuwa amri ya nyumbani kwake, na amlipe kijana kibarua chake cha siku hata kama kazi imesimama kwa sababu hiyo. Asipomlipa, kesho kijana hatafanya jaribio hilo, au atalifanya na kunyamaza.

Kuna jambo la pili kuhusu kuzima. Swichi inazima injini, haizimi visu. Mashine ya matawi ina sahani nzito ya chuma iliyofungiwa visu, na uzito huo umewekwa makusudi ili sahani isikwame inapokutana na fundo la mti. Tuchukue mfano wa sahani ya kilo 30 yenye kipenyo cha sentimita 50, inayozunguka mara 2,000 kwa dakika. Nguvu iliyohifadhiwa ndani yake ni sawa na ya kunyanyua gunia la kilo 100 hadi mita 20, yaani ghorofa ya sita. Swichi ikibonyezwa nguvu ile haitoweki. Inaliwa polepole na beringi na upepo. Kasi ikishuka nusu, bado imebaki robo ya nguvu, na robo hiyo inakata mfupa bila shida. Mashine zinatofautiana: kuna inayotulia baada ya sekunde 20, kuna inayozidi dakika nzima, hasa yenye klachi inayoiachia sahani izunguke peke yake.

Hatari ni kwamba ukimya wa injini unadanganya. Masikio yamechoka, pengine umeyaziba kwa pamba, ukisikia kimya unaamini mambo yamekwisha. Visu vimefunikwa, huvioni. Dawa yake ni ya bei ndogo sana. Paka mstari mmoja wa rangi nyeupe kwenye uso wa puli ya sahani, mahali unapoonekana kupitia wavu wa kinga. Mstari ukionekana kama ukungu, visu vinazunguka. Ukionekana ni mstari, vimesimama. Halafu chukua simu, fungua saa ya kuhesabia, zima mashine ikiwa kwenye kasi kamili, na uhesabu mpaka mstari utulie kabisa. Rudia mara kadhaa. Chukua muda mrefu kuliko yote, uandike kwa rangi nyekundu juu ya kifuniko cha visu, tarakimu kubwa. Kila atakayeshika nati ya kifuniko hicho ataisoma kwanza.

Mstari ukitulia, chomoa kofia ya plagi na uiweke mbali na plagi yenyewe, ndipo ufungue. Kuna fundi mmoja aliniuliza, kwa nini plagi tena, si imeshazimwa? Kwa sababu ukisukuma sahani kwa mkono ili kutoa kilichokwama, kwenye mashine nyingi mkanda unaizungusha na injini. Injini yenye joto haihitaji mvuto wa nguvu. Mzunguko mmoja tu, kama swichi ina hitilafu ile niliyoisema, na inaweza kushika. Wakati huo vidole viko kwenye kisu.

Kuwasha sasa. Iweke mashine mahali tambarare, penye upepo, siyo ndani ya stoo wala kwenye banda lililofungwa. Moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo imekwisha kuua watu waliolala na jenereta ndani ya chumba. Hilo sina haja ya kulirefusha. Elekeza bomba la kutolea mahali ambapo hapana njia ya watu, maana vipande vinatoka kwa kasi, na jiwe likiingia linatoka kwa kasi hiyohiyo. Kwenye mchanga wetu wa Dar es Salaam weka turubai chini ya matawi. Mchanga unaoganda kwenye gome unaua makali ya kisu kwa muda mfupi, na kisu butu hakivuti tawi, ndipo mtu anaanza kusukuma kwa mkono na, Mungu apishe mbali, kwa mguu.

Pima oili injini ikiwa imesimama sawasawa. Injini ya ujazo wa 163 inachukua kama nusu lita na kidogo tu, kwa hiyo ikipungua kikombe kimoja imepungua sehemu kubwa. Hakikisha kofia ya plagi imechomolewa, kisha vuta kamba polepole mara moja au mbili. Sahani izunguke bila kugonga wala kukwaruza. Ikigoma, kuna mabaki ya jana ndani yake. Mabaki hayo ndiyo yanayowavunja watu vidole vinavyoshika kamba, kwa sababu sahani iliyokwama inairudisha injini nyuma, na kamba inanyakuliwa kutoka mkononi kwa kasi kuliko unavyoweza kuachia. Kwa hiyo usijizungushie kamba kwenye kiganja hata siku moja. Shika mpini wake kwa vidole.

Kama sahani iko huru, funga vifuniko vyote, kaza nati, rudisha kofia ya plagi. Fungua koki. Kama injini ni ya baridi, funga choki. Kama imetoka kufanya kazi, iache choki wazi. Weka mafuta robo hivi. Sasa inua kichwa utazame nani yuko wapi. Mashine nyingi za kienyeji zilizochomelewa gereji hazina klachi, kisu kinazunguka tangu mvuto wa kwanza. Hapana mtu anayetakiwa kuwa mbele ya mdomo, hapana mtoto upande wa bomba, hapana mtu ameegemea. Washa swichi. Vuta kamba taratibu mpaka uhisi uzito, hapo ndipo uvute kwa mkupuo mmoja, na uirudishe kwa mkono badala ya kuiachia ijirudie yenyewe, maana ndivyo kamba zinavyokatika. Injini ikishika, fungua choki kidogo kidogo, iache sailensa, yaani izunguke polepole bila mzigo, dakika mbili tatu. Kisha ipandishe hadi kasi kamili, na usilishe chochote kabla haijafika huko. Kulisha sahani inayozunguka polepole ndiyo njia ya haraka ya kuijaza na kuikwamisha, halafu tumerudi kwenye bomba la Toangoma.

Ikiwa imevutwa mara tano sita na haijashika, acha kuvuta. Petroli imelowanisha plagi. Fungua plagi, ifute, iache ipate hewa, tazama cheche kwa utaratibu ambao fundi wako amekufundisha, mbali na tundu la silinda lenye mvuke wa petroli. Sababu nyingine ya kugoma ni petroli iliyolala ndani ya kabureta miezi miwili, ambayo kwa joto letu huacha gundi kwenye vitundu vidogo kama vya sindano. Mashine inayokaa bila kazi ifungiwe koki ikiwa inazunguka, imalize petroli iliyo kwenye kabureta, ndipo ihifadhiwe. Hapo ndipo unapoinunua ile asubuhi ya mvuto mmoja.

Nguo. Buti, suruali isiyopwaya, mikono ya shati ama imefungwa kwenye kifundo ama imekunjwa juu ya kiwiko. Mtandio, kanga ya kiunoni, mkufu, kamba ya kitambulisho shingoni, vyote vibaki ndani ya nyumba. Ndala hapana. Glavu nyingi zinazouzwa barabarani zina mdomo mpana, na mdomo huo unashikwa na kijiti kwa urahisi. Tafuta zinazobana kwenye kifundo. Nasema haya kwa sababu ya michongoma. Kazi nyingi za kupunguza ua huku kwetu ni za michongoma na bogonvilia, na mwiba wa mchongoma ukikamata mkono wa shati haurudi nyuma, unakwenda na tawi. Hebu tupige hesabu. Visu viwili, mizunguko 2,000 kwa dakika, kila kisu kikila milimita 6 za tawi: hiyo ni sentimita 40 kwa sekunde. Kutoka ncha ya vidole vyako hadi kiwiko ni sentimita 45 hivi. Mtu mzima mwenye akili timamu anahitaji sehemu ya sekunde hiyo kutambua tu kwamba ameshikwa.

Ndiyo maana tunasimama pembeni ya mdomo wa mashine, kamwe si mbele yake. Tunaingiza kitako cha tawi kwanza ili vitawi vya pembeni vilale kwenda nyuma, na tunaachia mara visu vinaposhika. Kipande kifupi kinasukumwa na tawi refu linalofuata au na fimbo ya mti. Si nondo, kwa sababu nondo ikishikwa inarudi kama mkuki, na visu vinavunjika. Upongoo wa mnazi naomba muuache kabisa kama mashine yako si ya kazi hiyo. Nyuzi zake zinajizungusha kwenye shafti mpaka beringi zinaungua. Na nguzo za ua wa zamani zilizochipua zikawa miti, zikagueni: waya uliofungiwa miaka kumi iliyopita umo ndani ya gome, hauonekani.

Nchini Marekani, ambako mashine kubwa za matawi zinafuata magari ya wakata miti kila mtaa, takwimu za vifo kazini kati ya 1992 na 2002 zilionyesha watu 31 waliouawa na mashine hizo. Sehemu kubwa walivutwa ndani, wengine waligongwa na kilichoruka, kikiwemo kifuniko kilichofunguliwa kabla sahani haijasimama. Na huko mashine kubwa nyingi zina fimbo ya dharura ya kurudisha nyuma tawi. Zetu nyingi hazina hata fimbo hiyo. Kwa hiyo kila kazi ya matawi iwe ya watu wawili, na wa pili asilishe. Kazi yake ni kusimama hatua moja kutoka kwenye swichi na kutazama mikono ya mwenzake. Akiona kitu, anazima kwanza na kuuliza baadaye. Wakati huo hapana habari ya kushusha kasi wala ya kupoza injini. Kwenye kuzima kwa kawaida, ndiyo, acha mashine imalize kilichomo, shusha hadi sailensa kwa dakika moja au mbili, zima, funga koki, ngoja mstari mweupe.

Petroli. Mnakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, na moto ukaua zaidi ya watu 100. Wengi wao hawakuwa wameshika kiberiti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, unafika mbali kuliko petroli yenyewe, na unashika moto hata kwenye baridi kali kuliko ya kilele cha Kilimanjaro, sembuse mchana wa Mbagala. Tangi la injini hizi linakaa karibu na ekzosi yenye joto la mamia ya nyuzi. Kijana anayeongeza petroli huku injini inazunguka, kwa sababu ileile ya kuogopa kuizima, anamimina mvuke juu ya jiko. Zima, ondoka, kunywa chai robo saa, ndipo ujaze, kwa faneli, na usijaze mpaka shingoni. Chupa ya petroli isiwe ya maji ya kunywa, watoto wapo. Na kila injini inapopoa, brashi ipitishwe kwenye ekzosi, maana majani makavu yanajikusanya pale na kuanza kufuka mtu akiwa ameshakwenda kuoga.

Ikitokea ajali, shughulika na damu kabla ya kutafuta simu. Bana jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu zako zote na usifungue kuchungulia. Ikiwa mkono umekatika na damu inaruka, funga kwa nguvu, kati ya jeraha na bega, kwa kitambaa kipana, andika saa uliyofunga. Kidole kilichotengana kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiingizwe kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Huku Temeke tuna hospitali ya rufaa ya mkoa, Kinondoni kuna Mwananyamala, na kwa mifupa na mishipa wote watawaelekeza MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Jueni mapema gari gani litakwenda. Barabara ya Kilwa saa kumi na mbili jioni haimsubiri mtu.

Nageukia wenye mashine. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya 2003, inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA, inamtaka mwajiri afunike sehemu za mashine zinazozunguka na amlinde anayefanya kazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao upo, ulianza kazi 2015. Lakini kijana wa banda wa kulipwa kwa siku, ambaye jina lake kamili hata bosi halijui, mara nyingi hayumo kwenye daftari lolote. Akipoteza vidole anapewa nauli ya kurudi kwao na mfuko wa sukari. Hilo linaniuma, na nalisema mbele yenu kwa sababu wengi mlioko hapa ni watu wema. Mwandikeni kijana jina. Kabla ya kununua mashine ya pili, nunueni wavu wa kinga ya mkanda, swichi mpya, waya mpya, kamba mpya na plagi mbili za akiba. Vyote hivyo kwa pamoja ni sehemu ndogo ya bei ya mashine.

Na kwa wanaokodi kwa siku, maana najua mashine nyingi za matawi zinazunguka mitaa ya Chamazi na Bunju juu ya guta: guta lisiondoke kabla mwenye mashine hajaiwasha na kuizima kwa swichi mbele yako, kabla hujauona mstari kwenye puli, na kabla hujaijua namba ya sekunde zake. Kama hakuna mstari, rangi ipo dukani, pakeni pamoja. Kama swichi haizimi, aipakie arudi nayo, na matawi yako yasubiri.